Ramani Nyuma ya Hati ya Mshahara

Bustani nimeichora nyuma ya hati ya mshahara,
ile ya mwisho, ya kiwanda cha salmoni kule Quellón.
Upande wa mbele: makato, makato, bima, buti za mpira.
Upande wa nyuma: viazi.

Rosamel anataka mistari iliyonyooka.
Amepima kwa kamba ya nailoni, fundo kila hatua,
mvua ya Julai ikimchuruzika puani,
akarudi jikoni na tarakimu zake kama karani wa ardhi:
kumi na nane kwa thelathini,
toa mteremko, toa kisima.
Mimi naandika. Yeye anakausha soksi juu ya jiko la kuni.

Huku kwetu jua hupita upande wa kaskazini,
basi warefu wakae kusini, wasiwazibie wafupi.
Mahindi hapana, hayaivi, upepo utayalaza.
Maharage makubwa yatasimama nyuma
kama wajomba kwenye picha ya harusi,
mbele yao njegere, kisha karoti,
na kabichi karibu na mlango,
niwaone konokono wakila
nikiwa bado na kikombe mkononi.
Viazi chini kule, vya kila rangi:
vyekundu, vya zambarau,
na vile vyeusi vilivyopinda
ambavyo mama alinifungia kwenye kitambaa
siku nilipoondoka kwake, asiseme neno.

Na pembeni, kwenye upupu, pasipofaa kitu,
nikachora banda la kuku.

Jumapili akaja jirani, mama Uberlinda,
mkate kwapani ndani ya mfuko wa plastiki.
Akaichukua karatasi, akaigeuza,
akasoma makato yetu yote bila haya,
akaigeuza tena.
"Hawa kuku," akasema,
"mmewapa chumba cha bibi harusi."

Akatutoa nje. Akaulaza upupu kwa fimbo,
akainama, akachimba kwa mkono mtupu.
Udongo ukatoka mweusi, unamomonyoka kama keki,
na ndani yake ganda la kome, kaa la mkaa,
kipande cha sahani yenye maua ya buluu.
Hapa, akasema, ndipo Clorinda alipomwaga
miaka thelathini na mmoja
mwani wa ufukweni, toroli baada ya toroli,
jivu, matumbo ya samaki,
na supu, siku mumewe alipochelewa kurudi.
Upupu, wanangu, hauoti penye njaa.

Nilimtazama Rosamel.
Alikuwa ameshika kamba yake yenye mafundo
na hana pa kuifunga.

Usiku nikachukua raba.
Banda nikalifuta, nikalihamishia kwenye mawe.
Pale pa upupu nikaandika kabichi, nikafuta.
Nikaandika vitunguu saumu, nikafuta.
Nikaandika jina la Clorinda, sijui kwa nini,
nikalifuta pia, kwa haraka,
kama mtu aliyekutwa akichungulia dirishani.
Karatasi ikachoka. Ikatoboka.
Nikaitazama kupitia tundu meza ya watu wengine
tuliyoikuta humu ndani, miguu yake mitatu na tofali,
na alama za kisu za mtu aliyekata mboga
bila ubao, miaka mingi, mahali pamoja.

Hatuna mbegu za karoti bado.
Jembe la pili tumeahidiwa, na ahadi hailimi.
Kuku wenyewe hatuna hata mmoja,
ingawa tumegombana juu yao siku nne.
Paa linavuja upande wa kitanda changu.
Mwezi ujao, maji yakitoka sana,
tutashuka na toroli kufuata mwani.

Nikafungua kitambaa cha mama,
nikachagua kiazi kimoja, cheusi,
macho matatu yameanza kutoa meno meupe,
nikakiweka juu ya tundu
ili upepo wa mlangoni usiichukue ramani.
Kikakaa sawasawa.
Nikazima taa.